Simu ya Saa Nne

Kwa miaka kumi na tisa mama yangu alinipigia simu kazini saa nne asubuhi, kila siku ya kukata, kuniuliza neno moja. Hakuanza na salamu. Mama ni mtu wa adabu, hata paka wa jirani humsalimia, lakini saa nne haikuwa saa ya habari za huko.

“Umegeuza?”

“Nimegeuza, Mama.”

Hapo alinyamaza. Hakusema kitu wala hakukata simu, alikuwa tu huko upande wa pili akipumua na kunilia muda. Nikihesabu kimoyomoyo nilifika tano, siku nyingine nane. Kisha, “Haya, kata,” na simu imekufa bila kwaheri.

Lazima nieleze kinachogeuzwa, maana asiye wa kazi hii atadhani tulikuwa tunaongelea godoro. Mimi ni mkataji katika karakana ya kushona sare. Washonaji ni kumi na mmoja, mkataji ni mmoja. Mshonaji akikosea anafumua, mkataji akikosea hakuna cha kufumua. Koti lina vipande viwili vya mbele, cha kushoto na cha kulia, na vyote vinatoka kwenye kiolezo kimoja cha karatasi ngumu. Unakilaza juu ya kitambaa, unakizungushia chaki, umepata kushoto. Unakigeuza kifudifudi, unazungushia tena, umepata kulia. Usipogeuza, una kushoto mbili. Kitambaa cha kawaida hakina neno, unapindua kipande na mambo yanakwisha. Lakini kile chenye uso na mgongo, kinachong'aa upande mmoja, hakisamehe mtu. Na sisi hatukati koti moja moja. Tunatandaza tabaka ishirini na nne, moja juu ya jingine, na mashine ya kukatia inapita mara moja tu kwa zote.

Meza hiyo ilikuwa ya Mama kabla ya kuwa yangu. Macho yalipoanza kumtupa mkono, alinikabidhi meza, chaki na mkasi wake, akahamia kwa mdogo wangu wa kiume. Siku yangu ya kwanza, saa nne, simu ya mezani ya ofisini ikalia. Bosi wa wakati huo, baba yake Bosi wa sasa, alikuja mwenyewe kuniita, uso umemsawijika, akidhani kuna msiba. Kumbe “Umegeuza?” Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na watoto wawili, na niliona haya mpaka masikioni.

Ndivyo ilivyokuwa. Watu walinizoea. Waliniita Mama Mkasi, na wasidanganye kwamba ni kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya ulimi. Ila hata mimi na ulimi wangu, saa nne ikifika nilikuwa mtoto wa mtu.

Sasa nije kwenye kosa la kwanza, lile dogo. Mwaka huu nilikata kola za mashati zikapungua upana wa kidole. Mteja hakusema kitu, lakini Bosi aliona, na Bosi ni mtu wa kuona jambo dogo akalipa jina kubwa. Alisema karakana imepoteza umakini. Ukweli ninaujua mimi. Siku ile nilikuwa nimeegemeza simu kwenye kikopo cha pini, natazama video. Kuna mtu mahali fulani duniani anaosha mazulia machafu, na watu wazima wenye akili zetu tunakaa kumtazama. Zulia linaingia na rangi ya tope, linatoka na maua. Nilitazama mazulia matatu huku nakata kola.

Bosi hakujua habari za mazulia. Alimleta mpwa wake, kijana aliyenyooka kama kalamu mpya, aliyetoka kusomea namna ya kuwafanya watu wafanye kazi bila yeye kuifanya. Sisi tulimwita Umakini, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea, nikaketi mstari wa mbele nipone kwanza.

Alisimamisha ubao mweupe kati ya meza yangu na cherehani, akatuambia kila mtu ana mwizi wake wa umakini, na kwamba mwizi akitajwa kwa jina anakimbia. Tusimame mmoja mmoja, tumtaje. Bi Vifungo, anayeshona vifungo na kujua habari za kila nyumba, alisimama akamtaja mumewe. Watu wakapiga makofi. Rula, mtandazaji wangu wa vitambaa, mwanamume mrefu wa maneno machache, alisema yeye hana mwizi. Niliona Bosi anatikisa kichwa kwa kuridhika, na nikalihifadhi hilo. Siku nyingi nilikuwa nahisi kwamba Rula anaipigia hesabu meza yangu.

Zamu yangu ikafika. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mkataji mkuu, nisimame mbele ya watu nikiri kwamba ninaibiwa na mazulia? Nilifungua kinywa na kikatoka kile kilichokuwa karibu.

“Ni mama yangu,” nikasema. “Ananipigia simu kila saa nne, katikati ya kazi.”

Karakana nzima iliguna kwa huruma. Umakini akageuka akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, MAMA, akapigia mstari chini. Sikuona aibu wakati huo, nasema kweli. Niliona nafuu, kama mtu aliyepita na mzigo wa magendo bila kupekuliwa.

Kisha tukagawiwa kadi. Kadi ilikuwa na tabia saba ndogo za kila siku na vijisanduku vya kuweka alama ya vema. Ukiamka, kabla ya neno lolote, bilauri ya maji. Ukifika kazini, unaandika mambo matatu ya siku hiyo, si manne. Meza unaiacha safi jioni. Unapumua ukihesabu nne, mkono tumboni. Kila dakika ishirini na tano kengele inalia, unaacha unachofanya, unatazama mbali. Na simu zote, kuanzia saa mbili asubuhi, zinaingia kwenye kopo kubwa la biskuti lililo ofisini kwa Bosi, mfuniko juu. Ya saba nimeisahau, na nadhani ilihusu kutabasamu.

Jioni ile nilimpigia Mama mwenyewe. Nilimwambia kazini kuna utaratibu mpya, tunatakiwa kuwa na umakini, kwa hiyo asinipigie tena saa nne. Nikimhitaji nitapiga mimi.

“Haya,” akasema.

Nikangoja, sijui nangoja nini. Alikuwa ameshakata simu.

Na sasa nikiri jambo, na kukiri kunaniuma. Zile tabia zilifanya kazi. Maji ya asubuhi yaliniondolea kichwa kizito nilichokuwa nakibeba miaka. Meza niliyoiacha safi jioni ilinipokea asubuhi kama nyumba iliyofagiliwa. Mambo matatu niliyoandika niliyamaliza, na bila simu mfukoni yule muosha mazulia aliosha peke yake. Wiki ya kwanza nilikata suruali za walinzi zikatoka kama mapacha. Bosi alisimama nyuma yangu akasema, “Unaona?” Nilimjibu kwamba naona, na kadi yangu yenye alama zote nikaibandika ukutani mahali ambapo Rula hataikosa. Nilianza hata kuwahubiria watu. Nilimwambia Bi Vifungo apumue kwa tumbo, akaniambia tumbo lake lina kazi nyingine.

Siku ya kumi na moja tulianza makoti ya wafanyakazi wa mapokezi wa hoteli. Kitambaa cha buluu nzito, kinang'aa upande mmoja, kimeagizwa kutoka mbali na kimekuja cha kutosha tu, hakuna cha ziada. Rula alitandaza tabaka ishirini na nne tangu asubuhi, akazinyoosha mpaka hakuna kikunjo. Nikalaza kiolezo, nikazungusha chaki, nikapata kushoto. Nikakisogeza kiolezo pembeni yake. Mkono ulikuwa umeshashika pembe ya karatasi, naukumbuka mpaka leo, na hapo kengele ya dakika ishirini na tano ikalia.

Ningekuwa mtu mwenye dharau ningeendelea. Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi bora. Niliacha karatasi, nikaenda dirishani, nikatazama mbali. Mbali yetu ni tangi la maji juu ya ghorofa la ng'ambo ya barabara. Nilipumua hesabu nne, nikarudi na utulivu mkubwa, nikaokota chaki, nikazungusha. Kisha nikawasha mashine, nikakata.

Baada ya chakula cha mchana Bi Vifungo, aliyekuwa anapanga vipande viwili viwili kwa ajili ya washonaji, alikuja mezani kwangu ameshika vipande viwili hewani.

“Mama Mkasi,” akasema taratibu, bila utani, jambo ambalo si kawaida yake, “watakaovaa haya makoti wote wana kushoto mbili?”

Nilivipokea. Nikavilaza uso juu, kimoja juu ya kingine. Vikalingana kila pembe. Nilipiga magoti nikapekua lundo zima, na kila nilichoshika kilikuwa kushoto. Rula alikuja akainama kunisaidia kupekua, na nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Bosi hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema hoteli imekubali kungoja makoti hayo ishirini na nne mpaka kitambaa kingine kiagizwe. Yaliyobaki yatakatwa Ijumaa, yeye mwenyewe akiwa amesimama mezani. Kikiharibika kipande kimoja, meza itakuwa ya Rula na mimi nitahamia kwenye benchi la wakata nyuzi. Benchi la wakata nyuzi liko karibu na choo. Ndipo wanapokaa waliokwisha, wanakatakata ncha za uzi kwenye nguo walizokata wengine.

Umakini aliniita pembeni. Aliniuliza kama nilifuata kadi. Nikamwonyesha: alama zote za vema, hata ya saba. Akafikiri, akasema basi tatizo ni kwamba tabia hazijaingia ndani vya kutosha, akaniongezea tatu. Nikawa nakunywa bilauri nne za maji kabla ya saa nne na kulijua kwa karibu benchi la wakata nyuzi kwa kulipita nikienda chooni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeyavulia nguo hata kuyanywa.

Alhamisi, siku moja kabla ya siku yenyewe, nilikuwa nakata mifuko, kazi ndogo isiyo na kushoto wala kulia. Ghafla mkono wangu wa kulia uliacha chaki, ukaingia kwenye mfuko wa aproni. Mfukoni hamkuwa na kitu. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika moja.

Rula aliona. Alikuwa upande wa pili wa meza anakunja kitambaa.

“Simu ya bibi siku hizi haiji,” akasema.

“Niliikataza. Ilikuwa inanivuruga.”

Akaendelea kukunja. “Mimi nilidhani ni sehemu ya kazi.”

“Sehemu gani ya kazi?”

“Sijui, Mama. Miaka sita niko hapa. Kila nikisikia umegeuza, nimegeuza, najua tunakaribia kukata, naenda kuchomeka waya wa mashine.” Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Siku ile ya makoti nilikaa na waya mkononi nikisubiri. Nikaona wewe mwenyewe umeuchomeka.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ulikuwa unapumua.”

Huyu ndiye niliyekuwa nailinda meza yangu dhidi yake usiku na mchana. Niliweka chaki chini, nikaenda ofisini, nikafungua kopo la biskuti mbele ya macho ya Bosi, nikampigia Mama. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, akapokea wifi yangu, mke wa mdogo wangu.

“Mama yupo, wifi, mzima wa afya,” akasema. Kisha akashusha sauti. “Nimempa simu kaikataa. Anasema mwambie yuko kazini.”

Jioni nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani, sinia la vifungo mapajani, anavitenga kwa vidole: vya matundu mawili huku, vya manne kule. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na kivuli tu. Wifi alikuwa ameniambia mlangoni kwamba akimaliza kuvitenga huvichanganya vyote, akaanza upya.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Umekonda. Ndio huo umakini?”

Nikaketi kwenye mkeka karibu na miguu yake. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, mazuri kabisa, yote yakanipotea. Nikamweleza tu, tangu mazulia. Nikamweleza kola, ubao, kadi, kengele, tangi la maji, makoti ishirini na nne. Mwisho nikamweleza kwamba nilimtaja yeye mbele ya watu.

“Ulisema mimi ndiye mwizi?” akauliza.

“Nilisema hivyo.”

“Wakakuamini?”

“Wakaandika ubaoni.”

“Kwa chaki?”

“Kwa kalamu ya wino, Mama.”

“Ingekuwa chaki ingefutika,” akasema, akatenga vifungo vitatu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Vidole vyake vikaacha kutembea. “Mimi nimestaafishwa mara mbili. Mara ya kwanza macho yalinistaafisha. Nikalia, nikasema ni kazi ya Mungu, nikanyamaza. Lakini kazi moja nilikuwa nimebaki nayo. Naamka, naoga, nakunywa chai yangu, namuuliza huyu binti saa ngapi, ananiambia, nakaa hapa na simu. Najua sasa wanatandaza. Sasa ameshachora kushoto. Saa nne. Siku ikishafika saa nne nilikuwa nimeshafanya kazi yangu, hata nikilala mchana nalala kama mtu aliyechoka. Mara ya pili umenistaafisha wewe, kwa simu, kama kibarua.”

Niliumia. Niseme tu hivyo, niliumia kama sijawahi kuumia, kwa sababu hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi.

Nikajitetea, maana ulimi wangu ndio huo. “Lakini Mama, mimi nilikuwa nageuza. Kila siku nilikuwa nakujibu nimegeuza.”

“Ulikuwa unanijibu, ndiyo.”

“Sasa?”

“Sasa unadhani nilikuwa nanyamaza kwa nini pale kwenye simu? Nakuhesabia pumzi?” Alinyoosha mkono, akapapasa, akapata gazeti la mdogo wangu lililokuwa kwenye meza ndogo. Akalishika pembe, akaligeuza hewani. Likalia, ule mlio mkavu wa karatasi kubwa. “Nilikuwa nasikiliza hii. Wewe unasema nimegeuza, nimegeuza, na karatasi ndiyo kwanza inageuka. Siku nyingine kweli ulikuwa umeshageuza, nangoja, nasikia kimya, najua amani. Siku nyingi haikuwa kimya, mwanangu.”

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na tisa, na mwisho wake kumbe alikuwa amekaa mtu ananisubiri na simu sikioni. Na hilo lililoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimejiamini. Nilikuwa naapa moyoni kwamba sijawahi kusahau hata siku moja, na kweli sikuwa nimewahi kusahau, kwa kuwa alikuwapo mtu aliyekuwa anakumbuka.

“Kesho nipigie, Mama,” nikasema. “Kesho ndiyo siku. Saa nne.”

“Simu yako si iko kwenye kopo?”

“Nitaitoa.”

“Na huyo mwalimu wako wa kunywa maji atasemaje?”

“Aseme anavyotaka.”

Akarudia vifungo vyake. “Tutaona. Na mimi nina shughuli zangu,” akasema, na hapo nikajua mazungumzo yamekwisha. Wifi alinisindikiza mpaka nje.

Ijumaa nilikunywa maji yangu kama kawaida, maana maji hayana kosa. Niliandika mambo matatu. La kwanza lilikuwa geuza, la pili geuza, la tatu geuza. Nilipofika kwenye kopo la biskuti nikalipita, nikaweka simu mezani, karibu na tepu. Bosi alikuwa ameshasimama hapo, mikono nyuma, na Umakini ubavuni mwake.

“Hiyo simu?” Bosi akauliza.

“Kifaa cha kazi,” nikasema. “Nikiharibu, utaiweka kwenye benchi la nyuzi pamoja na mimi.”

Umakini alitaka kusema kitu. Bosi akamwinulia mkono. Rula alikuwa amemaliza kutandaza, tabaka ishirini na nne za kwanza, buluu inang'aa mpaka unaona taa ndani yake. Nikalaza kiolezo. Nikachora kushoto, polepole. Nikainua kiolezo, na kengele ikalia.

Mtaniuliza kwa nini niliitii. Bosi alikuwa ananitazama. Umakini alikuwa amenionyesha dirisha kwa kidevu, na mimi nilitaka, siku hiyo kuliko siku zote, nisionekane mkaidi. Nikakilaza kiolezo mahali pake pa pili, nikaenda dirishani, nikalitazama tangi la maji. Nilipumua. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili. Nikarudi na kuokota chaki.

Nikangoja. Saa nne ikafika. Simu kimya. Saa nne na dakika moja. Cherehani zote kumi na moja zilikuwa zimenyamaza, na Bi Vifungo alikuwa ameacha sindano hewani.

“Tunangoja nini?” Bosi akauliza.

Saa nne na dakika tatu. Nikafikiri, ana haki yake. Nimemfukuza kazi, kwa nini aje zamu? Nikajiambia mimi ni mtu mzima, nimeandika mara tatu kwenye karatasi, ningesahauje jambo nililoliandika mara tatu? Nimeshageuza. Nilikuwa na hakika kabisa. Nikainama, nikagusisha chaki kwenye kitambaa.

Simu ikalia.

Nilikaribia kuiangusha. Nikaiweka sikioni, chaki ingali mkononi. Hakukuwa na salamu.

“Umegeuza?”

Nikatazama chini. Kiolezo chetu kina upande mmoja wenye maandishi, vipimo na mchoro wa mfuko, kwa mwandiko wa Mama mwenyewe, wa enzi za macho yake. Kikigeuzwa, maandishi yanalala chini na wewe unaona karatasi tupu. Nilitazama, na mwandiko wa mama yangu ulikuwa unanitazama.

Bosi aliuona. Umakini aliuona, na midomo yake ikaachana. Rula alikuwa ameshika waya wa mashine, ameupa mgongo ukuta, anatazama mbali dirishani, kule kwenye tangi la maji.

“Nimegeuza, Mama,” nikasema.

Akanyamaza, kama kawaida yake. Nikaweka chaki chini, nikaisogeza simu karibu na meza, nikashika karatasi pembe zake mbili, na nikaigeuza polepole, ilie vizuri.

“Haya,” akasema. “Kata.”